Pingili Moja kwa Futi Moja

Mama yangu alifia kwenye gari aliloendesha Dereva, kwa hiyo kila mzee huyo anapotajwa watu wananitazama usoni. Wanasubiri nimlaani au nimsamehe. Poleni sana, sina cha kuwapa. Mimi nina duka la spea pale Majengo, Sumbawanga, na yeye alikuwa mteja wangu kwa miaka mingi, mteja msumbufu, wa kununua kidogo na kukaa sana. Nilimwita Dereva kama mji mzima ulivyomwita, ingawa tangu ahamie mtaa wa Izia sikuwahi kumwona ameshika usukani wa gari la kubeba watu.

Magari yake yalikuwa mezani. Aliyatengeneza kwa mkono, madogo, ya bati la makopo na mbao laini, na aliyapaka rangi mpaka unatamani kuyapigia honi. Mafuso ya mahindi, mabasi ya Mbeya, trekta la wamisionari wa zamani, pikapu za polisi. Milango ilifunguka. Ukigeuza usukani, matairi ya mbele yaligeuka. Siyo yale magari ya waya ambayo watoto wanayakokota kwa kamba. Ukimwambia Dereva hivyo anakuonyesha mlango wa kutokea.

Habari ya mama ni fupi, niimalize kabisa. Nilikuwa kidato cha pili hapa Sumbawanga, nyumbani kwetu ni Kabwe, ziwani. Mama alijifungua, mtoto hakupona, na damu ikakataa kukata. Wakampakia kwenye gari la wagonjwa kumpandisha huku juu hospitali. Dereva alikuwa mbele peke yake, nesi alikuwa nyuma na mama, na mvua ilikuwa inanyesha. Njiani kulikuwa na zahanati yenye dripu. Gari liliipita bila kusimama. Walipofungua mlango wa nyuma hospitali, mama alikuwa ameshaondoka.

Siku ya matanga nesi alisimama mbele ya ukoo akasema, "Niligonga kile kioo cha mgongoni kwa dereva. Niligonga asimame pale zahanati, hakugeuka." Dereva akasema, "Mimi sikusikia kitu kimegongwa." Baba alikuwa anatazama chini. Wazee wakasema ni kazi ya Mungu, tusitafutane, na chakula kikaletwa. Nakumbuka nilikula vizuri sana, ugali na samaki wa migebuka, nikaongeza. Shangazi alinifinya akaninong'oneza nilie kidogo, watu wanaona. Nilijaribu, machozi hayakuja, na hayajaja mpaka leo. Ile sehemu ni kama mguu uliokufa ganzi: unajua ni wako, ukiugusa hausemi kitu.

Basi, turudi kwa Dereva. Kipimo chake kilikuwa pingili moja ya kidole kwa futi moja ya gari. Kidole cha shahada, cha kwake, pingili ya katikati. Lori la futi ishirini na nne lilikuwa pingili ishirini na nne, na ukileta rula anacheka. "Rula zinatofautiana, mwanangu, hasa hizi za siku hizi. Kidole changu hakijawahi kupanda bei." Kwa hiyo magari yake yote yalilingana yenyewe kwa yenyewe, na hayakulingana na kitu kingine chochote duniani. Angekufa na kile kidole, hakuna fundi ambaye angeweza kuendeleza kazi yake. Nilimwambia hivyo siku moja, akaonekana kufurahi.

Alipaka rangi ndani ya chandarua. Mnaoujua upepo wa Ufipa mnaelewa. Kuanzia mwezi wa sita huku juu kuna baridi ya kukausha midomo na vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Vumbi likitua kwenye rangi mbichi, kazi imeharibika. Basi alitundika chandarua sebuleni, akaweka meza ndani yake, na yeye akaketi humo na koti lake zito na kofia ya sufu. Mgeni akifika anamkuta mzee mzima ndani ya neti mchana kweupe, anahesabu kwa Kifipa, sauti ya chini, mkononi ana sindano yenye tone la rangi nyekundu. Jirani mmoja mpya, aliyehamishiwa kikazi kutoka Pwani, aliona hayo pamoja na vibati vidogo vyenye namba za magari ya watu, akaja dukani kwangu macho yamemtoka. "Dada, yule mzee ni salama?" Nikamwambia, "Kaka, ukifika Sumbawanga kila mtu aliyekaa kimya unamwona mchawi. Nunua plagi zako uende." Tumeuchoka huo utani, jamani.

Taa za mbele alizitoa kwenye pakiti za vidonge. Unajua ule upande wa plastiki uliovimba, kidonge kikishatoka? Hiyo ndiyo kioo cha taa. Matairi aliyakata kwenye ndala. Rangi alipewa mabaki na wapuliza rangi wa gereji, wanamwekea chini ya kopo. Ila zile taa nyekundu na za njano za pembeni alizipaka rangi ya kucha, na hakukubali kununua bila kujaribu. Alisimama kwenye duka la vipodozi, anajipaka kidole kimoja kimoja na kukiinua kwenye jua. Mjini ikasemwa amepata kimada. Alipoulizwa alisema, "Ninaye, na anapenda nyekundu ya breki."

Kitu ambacho hakuvumilia ni gari safi. Alianza kwa kupaka bati lote rangi ya kutu. Ikikauka analowesha kwa maji kidogo na kunyunyizia chumvi ya mezani, hapa nyingi, pale kidogo, kisha anapaka rangi yenyewe juu yake. Ikishika anasugua kwa mswaki wa zamani. Chumvi inabanduka na rangi, na kutu inachungulia pale pale ambapo kwenye gari la kweli ingechungulia: chini ya milango, kwenye kingo za bodi, mahali kondakta anapopigapiga kwa kiganja. Juu ya hapo tope. Tope la huku juu alilipaka jekundu lililoiva, na la kule ziwani la kijivu. "Usilipake rangi unayoijua," aliniambia. "Lipake unayoiona." Mimi sikuwa nimemwomba anifundishe, nilikuwa nahesabu fani belti.

Kuna dereva wa basi alifurahi aliposikia basi lake limetengenezwa, akaenda Izia na soda mbili. Akakuta ubavuni kuna mbonyeo. Basi la kweli lilikuwa limeparuzwa na lori huko njia ya Laela, na yeye alikuwa hataki kukumbushwa.

"Mzee, si ungelinyoosha tu hapa?"

"Lako limenyooshwa?"

"Bado, tajiri hajatoa hela."

"Basi na hili bado."

Yule bwana akanuna, akaondoka na soda zake. Miezi ilipita. Siku basi lilipotoka gereji limenyooshwa, Dereva alitembea mpaka stendi, akalizunguka, akalipapasa ubavu, akarudi nyumbani. Alilinyoosha na lile dogo kwa nyundo ya fundi saa, na akaacha rangi ya pale iwe tofauti kidogo na nyingine, kwa sababu gereji nao hawakuipatia. Halafu akampelekea yule dereva bure. Hakuwahi kuuza gari hata moja. Ukimwomba hakupi, usipomwomba unaamka asubuhi limewekwa mlangoni kwako. Mimi sikumwomba na hakunipa. Tulielewana.

Mtu aliyependa magari kiasi hicho hakupanda gari. Kutoka Izia mpaka Majengo alitembea kwa miguu, jua au mvua. Bodaboda walisimama wakamwita babu, babu, akawapungia mkono waendelee. Lakini kwa kuwakosoa madereva hakuwa na mfano. Alikaa kwenye benchi nje ya duka langu akawasema wote: huyu anakanyaga klachi kama anaua nyoka, yule gia hajaijua, huyu naye kavaa leseni ya shemeji yake. Kanisani aliimba besi, na ilisemekana padri alimwomba anawe mikono kwa mafuta ya taa kabla ya komunyo. Alikuwa na mdomo, alikuwa na vituko, na wateja wangu walimpenda. Mimi nilimzoea. Sijui kama kuzoea ni kupenda, na sijajisumbua kupima.

Gari moja halikukaa na mengine. Lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa kwa taulo. Lilikuwa landkruza ndefu, ile tunayoiita mkonga, nyeupe, yenye msalaba mwekundu, pingili kumi na saba. Nje ilikuwa tayari tangu zamani. Ndani ndiko alikokwama.

Alinieleza mwenyewe, dukani, siku ambayo hapakuwa na mteja. Alikuwa amekuja kuuliza mpira wa kile kioo kidogo kinachotenga dereva na nyuma una urefu gani. Nikamwambia. Akabaki amesimama.

"Unajua ninatafuta nini," akasema.

"Sijui, Dereva. Niambie."

"Nataka kujua kama mkono wa nesi ulikifikia kioo."

Nikaendelea kupanga boksi za bolti. Akaendelea naye. Alisema siku ile ya matanga alisema hakusikia, na ni kweli hakusikia. Lakini barabara ilikuwa ya mawe, mawe yanarukia chini ya gari, mvua inapiga bati. Je, kama kati ya ile milio mmoja ulikuwa wa vidole, naye akauhesabu kuwa ni jiwe? Alipokuwa kazini aliacha kulala kwa sababu hiyo, na aliacha kuendesha kwa sababu hiyo. Gari lenyewe lilishauzwa chuma chakavu. Kitanda na benchi la nyuma vilichomelewa na fundi wa mtaani, havikufanana na vya gari jingine lolote. Kwa hiyo ilibidi alijenge upya kwa kichwa chake, kwa kipimo, halafu amweke nesi pale alipokaa na kuunyoosha mkono.

"Usipofika, nesi alisema uongo na mimi nitalala. Ukifika, nilimpita mama yako akiwa hai."

"Na ukishajua itakuwaje?"

"Nitakuwa najua."

Nilimtoza bei ya kawaida kwa kipande cha mpira alichochukua. Usiku ule nililala kama kawaida pia. Nasema tu ilivyokuwa.

Tangu hapo nilijua kila alichokuja kukitafuta. Mara anataka unene wa bomba la kitanda. Mara anauliza kama mto wa benchi ulipakana na lile bati linalofunika tairi kwa ndani au ulipanda juu yake. Siku moja alikuja anahema, duka limejaa, akasema amelikumbuka lile benchi. Enzi zake za zamu alikuwa analilalia mchana, kichwa kikigusa ukuta wa mbele na visigino vikining'inia kwa nyuma. Akavua koti akajilaza chali kwenye sakafu yangu ya saruji, katikati ya watu. "Piga alama hapa kichwani na hapa kwenye kifundo." Watu wakacheka, mmoja akauliza kama mzee anapimiwa sanduku lake mapema. Nikachukua chaki nikapiga alama. Akainuka kwa taabu, akapima kwa mkono wake, akaondoka bila kuaga. Alama ile ilikaa pale mpaka mvua zilipoanza na watu wakaingia na matope.

Kwa miaka yote hiyo hatukumtaja mama kwa jina. Alisema "mama yako", mimi nilisema "yule". Baba alipofariki kwangu hapa mjini, Dereva alikuja msibani, akachimba kaburi na vijana, akala nao, akarudi kwa miguu. Ndugu zangu walinuna. Mimi nilimtilia maji anawe.

Mwaka huu, mahindi yalipoanza kuvunwa, alikosekana dukani kwa muda. Nikasikia miguu imemvimba. Kisha bodaboda mmoja akaja na ujumbe: Dereva anasema ukipata nafasi upite, si lazima leo. Kwa mtu ambaye hakuwahi kuomba kitu, nililiona hilo neno "leo". Nikafunga duka mchana.

Nilimkuta uani, Izia ile ya mwisho inayogusana na mashamba, ameketi juani kati ya ulezi ulioanikwa. Amepungua sana. Lile koti lilikuwa limemvaa yeye.

"Shikamoo, Dereva."

"Marahaba, mwanangu. Nimepanda gari."

Nilidhani ni homa. Kumbe kweli. Alikuwa amekwenda Kabwe. Alikaa siti ya mbele kwenye pikapu ya samaki, amefumba macho karibu njia nzima, dereva akidhani anasali. Alikwenda kwa nesi. Nesi yuko hai, amestaafu, anauza dagaa kwa kisado.

"Akasemaje alipokuona?"

"Alinijua. Akanipa kigoda. Nikamwambia, nesi, naomba nipime mkono wako. Hakuuliza wa nini. Aliunyoosha."

Alimpima kwa kamba, kutoka begani mpaka kwenye vidole, kisha kutoka kiunoni mpaka begani, nesi ameuacha mkono hewani. Wateja wa dagaa walisubiri. Alipomaliza nesi akamfungia dagaa kwenye gazeti, wakaagana.

Tukaingia ndani. Lile gari lilikuwa mezani, ndani ya chandarua, taulo limeondolewa. Nikainamisha kichwa nikaingia nami. Milango ya nyuma ilikuwa wazi. Kulikuwa na kitanda na benchi, na chupa ya maji iliyoanguka sakafuni, ndogo kuliko punje ya mchele. Nesi alikuwa kwenye benchi, wa mbao, nguo nyeupe, mikono yake ya waya wa shaba ili ikunjike. Na kitandani alikuwa mama.

Hakumtia sura. Alimtia kitenge, cha kijani chenye majani ya manjano makubwa. Mimi nilikuwa nimekisahau kabisa kile kitenge. Kilikuwa kikianikwa kwenye kamba mbele ya nyumba yetu kila Jumamosi, na nisingekikumbuka mpaka nife kama Dereva asingekipaka.

"Sijajaribu," alisema. Alikuwa amebaki nje ya neti. "Si mama yangu. Jaribu wewe."

"Mikono yake ilikuwa wapi? Ya nesi?"

"Nilipofunga mlango Kabwe, alikuwa amembana tumbo kwa mikono yote miwili. Ndivyo damu inavyozuiwa. Nilimwambia shikilia, akasema nimeshikilia."

Nikaiweka mikono miwili tumboni kwa mama. Kisha nikauchukua wa kulia, nikaunyoosha kuelekea kioo. Haukufika. Ulipungua kama pingili nzima. Nikamwinamisha nesi mbele kadiri alivyoweza kuinama, mkono wa kushoto bado uko tumboni, bado haukufika. Vidole vyangu vilikuwa vimetulia kabisa, nilishangaa. Nikauondoa na ule wa kushoto. Nikamwinua kwenye benchi, nikampigisha goti, nikamlaza juu ya kichwa cha mama. Vidole vya shaba vikagusa ile plastiki. Vikagonga, mlio mdogo, nimeusikia.

"Umefika?" Dereva aliuliza.

"Unafika. Lakini lazima amwachie mama. Mikono yote."

Alikaa kwenye kiti chake taratibu. Nje kuku walikuwa kwenye ulezi na hakuna aliyewafukuza.

"Sasa alimwachia au hakumwachia?" akasema.

"Si ulikuwa naye juzi. Hukumuuliza?"

"Nilikwenda kupima. Sikwenda kuuliza."

Nikamtazama kupitia kile chandarua. Alikuwa ananitazama mimi kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu, na nikaelewa kuwa ameniita niamue, kwa sababu kipimo kimekataa kuamua. Kama nesi aligonga, basi mama alibaki na damu yake peke yake, mtu akigonga kioo na mtu hasikii. Kama hakugonga, basi alimsingizia huyu mzee mbele ya ukoo wetu mzima, na mama alikuwa ameshikwa mpaka mwisho. Sikujali tena nani mwongo. Nilitaka mama awe ameshikwa. Nililitaka kwa nguvu mpaka kifua kikaniuma, mimi ambaye kwa miaka yote hiyo sikuwa nimetaka kitu.

Nikamrudisha nesi kwenye benchi lake. Nikairudisha mikono yake tumboni, yote miwili, nikaibana kwa kidole ikae, nikamwambia Dereva alete gundi.